Aliyewaelekeza Wageni kwa Mama Yake

Habari nilipewa na mlinzi wa geti, Jumatatu asubuhi, nikiwa bado nakung'uta mwavuli. "Mwandishi, umesikia?" akaniuliza. Nikamjibu sijasikia kitu. "Mzee wa mapokezi ametutoka. Jana, hospitalini." Nikasimama pale pale mlangoni huku maji yakinichuruzika viatuni, na nilipoingia ndani nilimkuta kijana nisiyemfahamu amekaa kwenye kiti cha marehemu, anatabasamu, ananiuliza kama nina chumba nilichoweka. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii huandikiwa mara nyingi kwenye baraza ya hoteli moja ya katikati ya mji wa Moshi, mwendo mfupi tu kutoka mnara wa saa. Kwa miaka mingi mtu wa kwanza kunisalimia hapo alikuwa yeye. Hatukuwa ndugu wala hatukusoma pamoja. Tulikuwa watu wa kusalimiana waliosalimiana kwa muda mrefu hadi salamu zikawa mazungumzo.

Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kupokea wageni na kutoa funguo. Kazi aliyoifanya hasa ilikuwa kuwatafutia watu namna ya kumaliza siku. Mgeni anayesubiri kupanda mlima, au aliyeshuka na miguu inamuuma, huwa na siku moja au mbili za bure na hajui azifanye nini, na wote walimwendea yeye. Wenye watoto aliwapeleka kwenye maji ya chemchemi kupitia Bomang'ombe. Wapenda utulivu aliwaelekeza ziwani, kwenye barabara ya kwenda Holili, na kuwaonya wasiogelee. Wasiotaka kutoka mjini aliwatuma sokoni, wakaone ndizi za aina zote na kujaribu kutofautisha ya kupika na ya kutengenezea mbege, pombe yetu. Lakini mgeni akimwuliza, "Wewe ungekwenda wapi?" alimjibu bila kusita kwamba angepanda Uru, kwenye maporomoko, halafu akanywe kahawa kwenye boma lililo njiani. "Kuna mama mzee pale," alikuwa akisema. "Atakufundisha kutwanga kahawa. Ukitwanga vibaya atakucheka. Usikasirike."

Nilichukua muda kugundua kwamba wageni hao wa Uru walikuwa na utaratibu wao. Waliporudi jioni, viatu vikiwa na matope, aliwauliza kama wamepiga picha. Hakuna mtalii asiyefurahi kuulizwa hivyo. Wakampa simu. Picha za maporomoko alizipitia haraka haraka, akisema nzuri, nzuri sana, na alipofika kwenye picha za yule mama mzee aliyekaa kwenye kigoda kando ya kinu, alitulia. Aliikuza picha kwa vidole viwili hadi uso ukajaa kioo chote. Kisha akarudisha simu, akashukuru, akauliza watakula saa ngapi. Siku moja, baada ya mgeni kwenda zake chumbani, nilimwuliza kwa utani kama yule bibi ana deni lake. Hakucheka. Akatazama kama kuna mtu karibu, akasema, "Yule ni mama yangu."

Nikamwambia basi ana bahati, mama yuko jirani hivyo, anaweza kwenda kumwona Jumapili na kurudi kabla ya jua kuzama. "Sijakanyaga pale tangu tumzike baba," akasema. "Na nilisema sitakanyaga."

Habari yenyewe alinisimulia vipande vipande, na kwa sisi Wachagga wa mlimani haina jambo geni. Walizaliwa watoto watatu wa kiume. Mkubwa alipewa shamba la babu, kama inavyotakiwa, akafa mapema bila mtoto. Mdogo alipewa nyumba ya wazazi pamoja na kihamba kinachoizunguka, migomba na kahawa, kama inavyotakiwa vilevile. Wa katikati ndiye huambiwa akatafute maisha. Lakini baba yao alimpenda huyu wa katikati, na akiwa mzima alimwonyesha ukanda mmoja chini kwenye mfereji, akasema, hapa utajenga. Hapakuwa na thamani kubwa wakati ule. Baba alipokufa, njia ya kwenda kwenye maporomoko ilikuwa imeanza kupitiwa na wazungu, na njia yenyewe ilipita katikati ya ukanda ule. Mdogo akawahi kujenga kibanda cha kahawa. Ukoo ukakaa kikao. Wazee wakauliza nani alisikia marehemu akiutoa ukanda huo, na mtu pekee aliyekuwapo siku ile alikuwa mama. Wakamgeukia. Mama akainamisha kichwa, akasema hakumbuki.

"Alikumbuka," rafiki yangu aliniambia. "Siku ile alikuwa amebeba majani ya ng'ombe, akayatua chini ili asikie vizuri. Nilimwona." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza ugonjwa aliozoea kuishi nao. Mimi nilimwelewa yule mama, na nadhani hata yeye alimwelewa: mjane anayelala kwenye nyumba ya mtoto wa mwisho, anayekula kwa mkono wa mke wa mtoto huyo, angesema nini mbele ya kikao? Lakini kumwelewa mtu si kumsamehe, na rafiki yangu aliondoka pale na mfuko wa nguo, akashuka mjini, akapanga chumba Njoro, akapata kazi hotelini. Aliapa, na akawa mtu wa kushika kiapo. Ni sifa tunayoisifu bila kufikiri.

Nilimwuliza kwa nini basi awapeleke wageni kule kule, wamtajirishe aliyemnyang'anya. Alinijibu jambo ambalo sikulitegemea. Alisema wageni wasipokuja, mama anashinda jikoni kwenye moshi, hana anayemjali. Wakija, mdogo wangu na mkewe wanamvika kitenge kizuri, wanamkalisha juani, anaimba, anacheka na watu. "Kwa hiyo nawatuma," akasema. "Nikiona picha najua leo amekaa juani." Ndivyo alivyomwona mama yake akizeeka, kwenye simu za watu waliotoka mbali, ambao wangeondoka kesho yake asubuhi na kumsahau. Aliona jino la mbele lilipong'oka. Aliona mkono wa kushoto ulipoanza kukunjika. Kulikuwa na kipindi picha zilimwonyesha akiwa na fimbo, akaniuliza kama nadhani ni mguu au ni nyonga, nikasema sijui, tukabaki tunaitazama picha kwenye simu ya mgeni aliyekuwa bafuni anaoga.

Mama naye alijua. Waongozaji wa watalii walimwambia hawa wageni wanatoka hoteli gani na nani anawatuma. Mwaka mmoja, karibu na Krismasi, mwanamke mmoja wa makamo, mgeni, alirudi kutoka Uru akiwa na jani refu la kijani limefungwa fundo. Nilikuwa nimekaa karibu na kaunta, nikasikia kila neno. Alisema yule bibi alimshika mkono walipokuwa wanaagana, akampa jani, akamwambia kupitia kwa mwongozaji alipeleke kwa yule anayekaa mezani hotelini. "Nafikiri anakushukuru kwa kumletea wageni," yule mgeni akasema, akafurahi, akaliweka juu ya kaunta kando ya kengele.

Lilikuwa jani la isale. Msomaji wa pwani au wa mikoa mingine anisamehe nikieleza: kwetu, mtu akikukosea akakuletea isale, amekuomba msamaha kwa namna ambayo haina kukataa. Watu wameachiliana damu kwa jani hilo. Mzazi kumpelekea mtoto wake ni jambo nililolisikia mara chache sana, na kupitia mkononi mwa mgeni asiyejua amebeba nini sijalisikia tena. Rafiki yangu alimshukuru yule mwanamke. Akampa ufunguo wake. Akangoja mpaka mgeni akapanda ngazi, ndipo akashika kaunta kwa mikono miwili kama mtu anayesikia tetemeko.

"Hilo halikataliwi," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa unakwenda lini?"

"Nitakwenda. Acha sikukuu zipite. Hoteli imejaa, na hawa vijana wote wameomba ruhusa wakale Krismasi kwao."

Kila Mchagga anajua Desemba ilivyo. Tunaukimbia mji wa Dar, barabara inajaa magari, kila mwenye kihamba anapanda kwao hata kama anacho kibovu. Yeye kila mwaka ndiye aliyebaki zamu ili wengine waende, na mwaka ule hakubadilisha. Lakini nilimwona akijiandaa. Alinunua blanketi zito. Alinunua sukari na majani ya chai. Alikata nywele. Aliniuliza kama mtu anayerudi baada ya muda mrefu aingie kwa mlango wa mbele au apite jikoni. Januari ikaingia, meneja akasema subiri kundi fulani liondoke, kundi likaondoka likaja lingine. Alikubali kusubiri. Leo ninapofikiri naona hakuwa anaogopa meneja. Alikuwa anaogopa kufika, na kila mgeni aliyeingia mlangoni na begi alimpa sababu ya kubaki siku moja zaidi.

Kisha vijana wawili, mtu na mchumba wake, wakarudi jioni moja kutoka kwenye maporomoko. Akawaomba picha kama kawaida. Kwenye kigoda kando ya kinu alikuwa amekaa mwanamke mwingine, shemeji yake, mke wa mdogo wake, amevaa kitenge kile kile. Akauliza, "Na yule bibi?" Wale vijana wakatazamana. Msichana akasema kwa upole kwamba waliambiwa bibi amefariki, wamemzika wiki iliyopita, na kwamba waliona kaburi, lina maua mengi sana. Akaongeza, "Pole. Ulikuwa unamfahamu?"

"Kidogo," akajibu. Akawauliza watakula saa ngapi.

Nilipanda naye. Sikuweza kumwacha aende peke yake, ingawa sasa hapakuwa na wa kumwendea. Tulikwenda siku ya kazi, kwa gari la hoteli lililokuwa linapeleka wageni, kwa sababu ndilo lililokuwapo. Kwenye geti la boma palikuwa na binti amekaa kwenye meza, akatuamkia vizuri, shikamooni, halafu akatueleza kiingilio: wageni wa nje kiasi fulani, Watanzania kiasi fulani. Rafiki yangu akamtazama yule binti kwa muda. Alikuwa na uso wa yule bibi, mtoto wa mdogo wake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana baba mkubwa mjini. Rafiki yangu akatoa pesa, akalipa, akapewa tiketi.

Mdogo wake alikuwa mbele ya wageni, anaeleza. Alituona. Sauti yake ilikatika kidogo tu, kisha akaendelea, kwa sababu watu walikuwa wamemzunguka na walikuwa wamelipa. Akatuonyesha, sisi na wazungu pamoja, jinsi ya kukoboa kahawa, jinsi ya kukaanga. Akawaongoza kuimba wakitwanga. Alipofika kwenye ua uliopandwa isale akakata jani moja, akaliinua juu, akawaambia wageni kwamba Wachagga wana desturi nzuri sana, kwamba ndugu wakigombana mmoja humpelekea mwenzake jani hili, na mwenzake lazima asamehe. Wageni wakasema ooo. Mmoja akamwomba aendelee kuliinua jani ili ampige picha. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe cha kahawa mkononi, amekishika sawasawa, hajakinywa.

Wageni waliposhuka kwenye maporomoko, mdogo wake akaja. "Karibu, kaka," akasema, kwa sauti ile ile aliyowakaribishia wengine, na sidhani kama alikusudia. Nadhani hakuwa tena na sauti nyingine.

"Mama yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kaburi lilikuwa limesakafiwa vizuri, kwa vigae vyeupe, pembeni ya nyumba. Rafiki yangu akaenda akasimama. Aliporudi aliuliza swali moja tu: "Mbona hamkuniambia?"

"Tulijua huji," mdogo wake akajibu.

Hakukuwa na ugomvi. Ningependa kuwaambia walikumbatiana, au hata walipigana. Mdogo mtu aliangalia saa kwa sababu kundi lingine lilikuwa linapanda. Tukarudi kwenye gari tukawangoja wageni wetu. Njiani walikuwa na furaha, wakasema ile ndiyo siku nzuri kuliko zote walizokaa Tanzania, wakamshukuru kwa kuwaelekeza. Aliwaambia karibuni tena.

Nimeandika kwenye safu hii mara nyingi kwamba utalii wa utamaduni ni jambo jema, kwamba kijana wa mlimani ambaye kahawa imemwangusha apate kitu cha kumweka nyumbani. Silikani hilo. Lakini siku ile niliona jambo ambalo sijapata jibu lake. Kila kitu kilichoonyeshwa pale kilikuwa cha kweli. Kinu kilikuwa cha bibi yao, wimbo ni wetu, jani lilikuwa isale halisi, na maelezo yake hayakuwa na kosa hata moja. Aliyeyatoa aliyajua kwa moyo. Hayakumfikia tu. Desturi ilikuwa imekuwa kitu cha kuonyeshwa wapita njia, na mwenye nayo alikuwa ameacha kudhani kwamba inamhusu. Wala simlaumu yeye pekee. Aliyepelekewa jani naye aliliweka kwenye maji, akalitazama likinyauka, akisubiri wageni wapungue.

Baada ya hapo hakuwatuma tena watu Uru. Mgeni akimwuliza aende wapi, alimpa karatasi yenye picha, iliyochapishwa na hoteli, achague mwenyewe. Wengi hawakumwuliza kabisa, maana siku hizi mgeni anashuka uwanja wa ndege akiwa ameshapanga kila kitu kwenye simu. Alikonda. Alianza kusahau majina. Alipolazwa nilikwenda kumwona, akanitambua, tukasalimiana kama tulivyosalimiana siku zote, na hatukuzungumza habari ya mlimani.

Msiba ulikuwa Njoro, kwenye nyumba ya kupanga, turubai limefungwa mpaka ukuta wa jirani. Mdogo wake alishuka na wazee wawili wa ukoo. Alilia kweli, nilimwona. Akasema kaka lazima azikwe nyumbani, Mchagga hazikwi kwenye makaburi ya mjini kama mtu aliyeokotwa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Binti wa marehemu, mtoto wake pekee, mwalimu wa shule ya msingi, akauliza atazikwa sehemu gani.

"Mbele hapawezekani, mwanangu," baba yake mdogo akasema. "Kule kwenye mfereji ndipo wanapoegesha magari ya wageni. Na pale kwa bibi yako pamejengewa. Tumemtengea kule nyuma."

"Nyuma ni wapi, baba mdogo?"

Akakohoa. "Kule, ukipita vyoo."

"Vyoo vya nani?"

"Vya wageni. Lakini siyo nyuma yake kabisa. Ni pembeni."

Nilisikia sufuria jikoni, na mtoto wa jirani akilia. Mzee mmoja wa ukoo akaanza kusema ardhi imekuwa ndogo, siku hizi si kama zamani, na yote aliyosema ni kweli. Yule binti akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akamgeukia mama yake, mjane wa rafiki yangu, naye akatikisa kichwa kukataa, na basi. Tulimzika Alhamisi kwenye makaburi ya mjini, kati ya watu tusiowajua, mvua ikinyesha. Mdogo wake alibaki mpaka mwisho, akarusha udongo, akaondoka bila kuaga. Nilimwonea huruma naye pia. Atakapofika kwake atawakuta wageni.

Nimejiuliza wiki nzima nichukue nini kutoka kwenye maisha haya, kwa kuwa safu hii hupenda kumalizia kwa funzo, na nimeona ninalo moja tu, nalo halinifariji. Tunagombania vipande vya ardhi kwa kusema tunawatafutia watoto wetu, na kumbe watoto wanarithi ugomvi tu, bila hata kujua ulianzia wapi. Nilimwambia binti yake pale makaburini kwamba siku moja, mambo yakitulia, apande awasalimie ndugu wa baba yake, kwamba kuna binti mmoja kule anayefanana na bibi yake. Alinisikiliza, akafuta miwani yake kwa upindo wa khanga.

"Maneno yako nimeyapokea, baba," akanijibu, kwa namna watu wanavyojibu ushauri wasioutaka. "Lakini mimi kule nikifika nitamwambia nani kwamba nimerudi?"

Nikamfungulia mwavuli, tukatembea hadi barabarani.